Nafasi Tatu za Nyota MLS na Hesabu ya Wale 17

Kanuni ya nyota ya MLS (ligi kuu ya soka ya Marekani na Kanada) ilianza mwaka 2007, LA Galaxy ilipomsajili David Beckham. Leo klabu inaweza kuwa na nyota watatu: mmiliki anawalipa atakavyo, lakini kwenye ukomo wa mishahara kila mmoja anahesabiwa kiwango maalumu tu. Wanaotaka nafasi hizo ziondolewe, klabu zigawe fedha zenyewe, huambiwa wanataka kuua ushindani. Lawama hiyo haisimami mbele ya hesabu.

Chukua msimu wa 2024. Ukomo ulikuwa dola 5,470,000 kwa wachezaji 20 wa kikosi cha kwanza. Nyota aliyevuka umri wa miaka 23 alihesabiwa dola 683,750, hata kama ni Messi anayelipwa zaidi ya dola milioni 20. Watatu wanakula 2,051,250. Zinabaki 3,418,750 kwa watu 17: wastani wa dola 201,000 hivi kila mmoja. Zipo fedha za mgao, zinazotolewa na ligi, za kupunguza kiasi anachohesabiwa mchezaji, na zinasaidia kweli, ila zina mafungu na masharti yake, na haziwezi kugeuza 17 hao wote kuwa wachezaji wa daraja la juu. Nyota akiumia msimu mzima, klabu inaruhusiwa kumsajili mbadala, lakini kiwango cha majeruhi kinabaki kwenye hesabu. Kocha anajikuta anaziba pengo la mshambuliaji wa kimataifa kwa fedha za beki wa akiba. Toronto FC ya 2023 ilikuwa na Lorenzo Insigne na Federico Bernardeschi, na ikamaliza mkiani mwa ligi nzima.

Ligi yenyewe imeliona hili. Tangu Julai 2024 klabu inachagua: nyota watatu na vijana watatu wa mpango wa chini ya miaka 22, au nyota wawili, vijana wanne na hadi dola milioni 2 za mgao. Ni hatua nzuri, lakini bado ligi ndiyo inayoamua umbo la kikosi.

Wanaotetea nafasi hizo wana hofu ya haki. NASL, ligi ya Marekani iliyotangulia MLS na iliyomleta Pelé katika klabu ya New York Cosmos mwaka 1975, ilicheza msimu wake wa mwisho 1984 baada ya klabu nyingi kushindwa gharama. Wanaikumbuka pia Inter Miami, iliyotozwa faini ya dola milioni 2 mwaka 2021 kwa kuficha malipo. Kiungo wake Blaise Matuidi alipaswa kuhesabiwa nyota wakati nafasi zake tatu zimejaa. Lakini kinachozuia kufilisika ni kikomo cha matumizi yote ya klabu pamoja na ukaguzi wa mikataba, na vyote viwili vinawezekana bila kuhesabu vichwa vya nyota. Kikomo hicho lazima kijumuishe mishahara halisi na ada za uhamisho. Mikataba ya nyota iliyokwisha kusainiwa ihesabiwe kwa kiwango cha zamani hadi imalizike, vinginevyo klabu zitalazimika kuuza kwa hasara dirisha la kwanza tu.