Babu hakuwa mkulima tu

Siku tulipomzika babu, wasifu wake ulisomwa kwa muda usiozidi dakika tano. Ulitaja kijiji alichozaliwa, ndoa yake na bibi, watoto 7, pamoja na idadi ya wajukuu ambayo baba mdogo, aliyekuwa msomaji, alilazimika kuirudia kwa sababu hesabu ya kwanza ilikuwa imemsahau mtoto aliyezaliwa wiki ileile. Mahali pa kazi paliandikwa neno moja: mkulima. Nilikuwa nimesimama karibu na turubai, nikatazama upande wa zizi, nikaona ng'ombe ambao hakuna aliyewataja, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiamini kwamba neno hilo lilikata maisha ya mzee yule katikati.

Sisi ni watu wa Usangu, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, Tanzania, mahali ambapo mito ya Mbarali, Kimani na Chimala hushuka kutoka milimani, ikaingia kwenye tambarare na kulisha Mto Ruaha Mkuu. Wasangu wa zamani, wakiwa chini ya utawala wa watemi wa ukoo wa Merere, walijulikana kwa mifugo yao kabla ya kujulikana kwa mpunga. Kilimo cha mpunga wa kumwagilia kilishika kasi baadaye, wakati wa ukoloni wa Mwingereza, na Wabaluchi waliohamia bondeni ni miongoni mwa waliokianzisha. Babu alikulia kwenye makutano ya mambo hayo mawili. Hakuwahi kuyaona kuwa mawili, na hapo ndipo ninapotofautiana na wasifu wake, pamoja na namna tunavyozoea kuzungumza juu ya watu kama yeye.

Maksai wake ndio waliovuta plau majaruba, yaani vipande vya shamba la mpunga vilivyozungushiwa matuta, yalipolowana, na mwenye maksai wake hulima mapema, ilhali asiye nao husubiri wa kukodi, na mpunga uliochelewa kupandikizwa hukuta maji yamepungua mtoni kabla haujakomaa. Mavuno yalipokwisha, ng'ombe waliingizwa majarubani wale mabua, nao wakaacha samadi palepale. Pesa ya vibarua wa kupandikiza ilipokosekana, dume mmoja alikwenda mnadani, na mpunga ulipouzwa vizuri, sehemu ya pesa ilirudi zizini ikiwa na miguu minne. Benki yake ilikuwa inakula majani. Ukiuondoa upande mmoja katika maisha hayo, upande wa pili hausimami, na ndiyo maana sielewi tulichomaanisha tuliposoma kwamba alikuwa mkulima.

Jambo jingine ambalo wasifu haukuligusa ni jinsi alivyoipenda familia yake, kwa sababu hakuwa mtu wa maneno laini. Sikumbuki akimwambia mtoto yeyote kwamba anampenda. Upendo wake ulikuwa kwenye mgawo. Anayemwagilia kwa mfereji anajua kwamba shamba lililo karibu na banio, yaani lango linaloingiza maji ya mto mferejini, na shamba lililo mkiani si mali moja hata yakiwa na ukubwa uleule, kwa kuwa wa juu hupata maji kwanza na wa chini hupokea yaliyobaki, mara nyingi baada ya ugomvi. Babu alipoanza kuwagawia watoto mashamba, hakumkatia kila mmoja kipande kimoja kikubwa, ingawa hilo lingerahisisha kazi ya kulima. Aliyakata mashamba yake vipandevipande, kila mtoto akapata kidogo juu na kidogo mkiani, ili mwaka wa maji haba usije ukamfanya mtoto mmoja tajiri na mwingine ombaomba wa nduguye. Mtaalamu wa kilimo angesema vipande vile ni vidogo mno na vimetawanyika mno. Kwa upande wa kilimo angekuwa na hoja, lakini mgawo ule ulikuwa umepangwa kwanza kwa ajili ya ndugu, ndipo ukafuata mpunga.

Mashangazi zangu nao walipata. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume, lakini kila aliyekaa kijijini anajua umbali uliopo kati ya sheria na baraza la ukoo. Wazee wenzake walimuuliza kwa nini anapeleka maji kwenye ukoo wa watu wengine. Alijibu kwamba binti akirudi nyumbani siku ya shida, hatalishwa kwa hoja zao. Mmoja wa mashangazi alirudi kweli, akiwa na watoto watatu, na akaishi kwa jaruba lake.

Sitaki kumfanya malaika. Baba mkubwa mmoja alitolewa shule akiwa darasa la tano ili achunge, kwa kuwa kaka zake walikuwa wamefaulu na mtu wa kubaki na ng'ombe alihitajika. Ada za waliosoma zililipwa kwa ng'ombe aliowachunga yeye. Babu alijaribu kulipa deni hilo kwa kumwongezea mitamba, na baba mkubwa aliipokea, lakini hadi leo hukaa kimya wenye vyeti wanapokumbushana habari za shule. Mgawo wa haki una mahali unapoishia.

Tangu mwaka 1993, Ruaha Mkuu imekuwa ikikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na kwa kuwa mto huo unakwenda hadi mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, kukauka kwake kukawa habari ya nchi nzima. Alitafutwa wa kulaumiwa, na mfugaji akapatikana haraka. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi pamoja na mifugo yao waliondolewa bondeni, baadhi wakapelekwa hadi Lindi, na kisha eneo oevu la Ihefu likaingizwa katika hifadhi. Watafiti waliopima maji ya bonde walikuwa wameonyesha kwamba mifereji inayoendelea kuchepusha maji wakati wa kiangazi ina mchango mkubwa kuliko kwato za ng'ombe. Babu alilijua hilo bila kipimo. Alikereka sana alipoona banio limeachwa wazi mwezi Agosti, wakati hakuna mpunga shambani. Na bibi hakuchoka kumkumbusha kwamba maji hayohayo ya Agosti ndiyo yaliyojaza ndoo zake. Mabishano yao yalikuwa na akili nyingi kuliko mijadala mingi niliyoisikia redioni, kwa sababu wote wawili walikuwa na ng'ombe, wote wawili walikuwa na mpunga, na wote wawili walikuwa na kiu.

Ndiyo maana maneno "wafugaji" na "wakulima", yanaposemwa kana kwamba ni makabila mawili yanayowindana, hunitia wasiwasi. Sikatai kwamba ugomvi upo. Mahindi huliwa na ng'ombe, na watu wameumizana. Ninachokataa ni kudhani kwamba mpaka huo ulipita kila mahali, ilhali katika nyumba niliyokulia haukuwepo hata kati ya zizi na ghala.

Usiku wa mazishi ulikuwa zamu yetu ya maji. Jirani wa mkiani alikuja matangani akasema yuko tayari kutuachia zamu yake ya kesho ili tukae na wageni. Baba mdogo alimshukuru, akavua viatu vya msibani, akachukua jembe na kurunzi. Bibi alimwona akitoka, akamwambia aanze na jaruba la shangazi, kwa kuwa ndilo lililokuwa limeanza kupasuka.