Bangili ya Mkwe na Kilatini Changu

Haya, kwa kuwa mwandani wangu keshalitangazia baraza zima la Mkunazini kuwa "nimemwambia mkwe bangili yake ina tumbo la kuendesha", nahadithia mwenyewe. Sikusema hivyo. Nilisema vibaya zaidi.

Juzi nimempeleka mama wa mchumba wangu kwa sonara. Bangili aliyoachiwa na marehemu mama yake imekatika. Posa yangu haijajibiwa, kwa hiyo sifa naitafuta hata kwenye tundu la sindano. Sonara kaisugua bangili, kaibana, kamwambia mwanafunzi wake: "Lete flaksi."

Mnaonijua mshaanza kucheka. Neno likipita mbele yangu, mie lazima niliulize ukoo.

"Mkwe, hilo neno asili yake Kilatini. Fluxus, yaani mtiririko. Flaksi yenyewe ni ile boraksi, unga mweupe wa masonara; ikipata moto inayeyuka, inakula uchafu, inazuia hewa, lehemu ipate kutiririka penye ufa."

Mkwe katabasamu. Wallahi katabasamu! "Kijana kasoma huyu," kamwambia sonara. Ningenyamaza hapo, saa hizi tunazungumza mahari.

Moto ukawashwa. Ule unga mweupe ukafura, ukatoa povu, kisha ukalainika ukawa kama kioo. Mkwe ana kipande cha halua, kinaelekea mdomoni. Nami naisikia sauti yangu, nyororo kama ya msoma taarifa ya habari: "Na zamani Waingereza neno hilohilo waliliitia maradhi ya kuhara damu. Maana nako si kunatiririka?"

Halua ikasimama hewani.

Mwanafunzi kaangalia dari. Sonara kazima moto, na ule mvumo ulipokatika pakawa kimya hata paka wa nje nikamsikia anavyojiramba. Mkwe kairejesha halua kwenye karatasi. Kakunja pembe moja. Ya pili. Ya tatu. Ya nne, hii kaipigapiga na kidole. Kisha kauliza, taratibu, wala si mie aliyeniuliza, kamuuliza sonara:

"Bangili ya mama yangu umeitia nini?"

"Si kuhara kwenyewe, mkwe," nikadakia, "ni jina tu!" (Ndiyo, nilidakia. Msinitukane, nimeshajitukana.)

Basi. Bangili imelehemiwa vizuri, imeoshwa mara saba, moja kwa udongo, kama chombo kilichorambwa na mbwa. Halua nimekula mie. Jana mkwe kamtuma mtoto aje kuniuliza: na neno "posa", nalo Kilatini?