Si Kila Anayekataa Kubadilika ni Sikio la Kufa

Kuna methali tunayoikimbilia upesi mno: sikio la kufa halisikii dawa. Tunamwambia mtu aache sigara, anabisha. Tunarudia, ananyamaza. Mara ya tatu tunaitoa methali yetu na kusema shauri yake. Mimi naamini kwamba mara nyingi sikio hilo ni zima kabisa, limechoka tu kuhubiriwa.

Mvutaji anayajua madhara, maana yameandikwa hata kwenye pakiti. Anachobeba ni nia mbili kwa wakati mmoja: anataka kuacha na hataki. Mshauri akiukamata upande wa kuacha na kuutetea kwa nguvu, mteja anabakiwa na upande wa pili tu. Atautetea, na kadiri anavyoyasikia maneno yake mwenyewe akiutetea ndivyo anavyozidi kuuamini. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Jack Brehm alieleza jambo linalofanana na hili: mtu akihisi uhuru wake wa kuchagua unaguswa, huung'ang'ania.

Ndiyo maana naipenda njia ya ushauri iitwayo mahojiano ya kuhamasisha (motivational interviewing), aliyoieleza mwanasaikolojia William Miller mwaka 1983, iliyotokana na kazi yake na watu wenye tatizo la ulevi, kisha akaiendeleza pamoja na mwanasaikolojia mwenzake Stephen Rollnick. Ndani yake kuna swali moja ninalolithamini kuliko mahubiri yoyote. Unamuuliza mteja: kutoka 0 hadi 10, kuacha kuna umuhimu gani kwako? Anasema 3. Ulimi unawasha kumuuliza mbona si 8. Uzuie! Ukiuliza hivyo atakupangia vikwazo vyake vyote. Muulize kwa nini amesema 3 na si 0. Hapo atasita kidogo, kisha aanze kutaja sababu ambazo hukumpa wewe: kifua, mtoto anayekohoa, pesa. Akisema 0, muulize ni nini kingeweza kuipandisha hadi 1, na umwache afikiri bila kumharakisha.

Halafu muulize pia anajiamini kiasi gani kwamba akiamua ataweza. Swali hili tunalisahau sana, na linaniuma tunapolisahau. Wapo wanaosema jambo halina umuhimu kwa sababu tu walijaribu mara tatu wakashindwa, na kusema "sijali" kunauma kidogo kuliko kusema "siwezi". Kumwongezea mtu huyo vitisho ni kumkandamiza.

Sisemi mshauri afiche hatari. Kama maisha yako hatarini aseme waziwazi, ila aombe kwanza ruhusa ya kusema, kisha aulize mwenzake ameyapokeaje.

Mwisho wa kikao mteja anaweza kuondoka na pakiti yake mfukoni. Sitahesabu kuwa tumeshindwa, ikiwa dakika chache kabla alisema kwa kinywa chake mwenyewe kwamba angependa kupanda ngazi bila kuhema.