Kirusi kimoja au genge? Swali la saratani ya shingo ya kizazi

Wifi yangu wa Bombo, wilayani Luweero, alirudi kutoka Kampala na karatasi ya majibu: herpesi aina ya 2 (kirusi cha vidonda vya sehemu za siri), chanya. Kliniki moja ya binafsi ilimwambia virusi hivyo "vinasaidiana" na vingine kuleta saratani ya shingo ya kizazi, ikamwandikia vipimo viwili zaidi vya damu. Nikamwuliza, wamekupaka siki, ile ya kupaka shingo ya kizazi ili penye kasoro pageuke peupe? Hapana. Yaani shingo yenyewe ya kizazi hakuna aliyeitazama.

Dhana ya kusaidiana si ya kipuuzi, na Uganda ndiyo nchi ya mwisho kuicheka. Uvimbe wa taya za watoto alioufuatilia daktari Denis Burkitt pale hospitali ya Mulago, Kampala, ndio uliowafikisha Epstein, Achong na Barr, mwaka 1964, kwenye kirusi kinachobeba majina ya wawili kati yao, Epstein-Barr. Kirusi hicho karibu kila mtu anacho. Watoto wanaougua ni wa sehemu ambazo malaria haiwapi nafasi ya kupumua. Saratani ya Kaposi, ile ya madoa ya ngozi inayoletwa na kirusi kingine, nayo tulikuwa nayo zamani, ila VVU vilipoingia ndipo ikafumuka.

Kwa shingo ya kizazi, mshtakiwa mkuu anajulikana. Harald zur Hausen na wenzake waliitambua HPV, kirusi kinachoenezwa kwa ngono, aina ya 16 mwaka 1983, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aina ya 16 na ya 18 pekee zinabeba takriban asilimia 70 ya saratani hizi. Lakini wanawake wengi wanaoambukizwa HPV, mwili huifuta wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa nini kwa wachache inang'ang'ania? Hapo ndipo washirika wanapotafutwa.

Epstein-Barr imekutwa kwenye vinyama vya saratani hii, na wanaoishuku kuwa mshirika wana hoja: ni kirusi kinachosababisha saratani kwingine, hata baadhi ya zile za tumbo. Tatizo ni kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima wanacho, na maficho yake ni chembe nyeupe za damu. Uvimbe huvuta chembe hizo kwa wingi. Ukisaga kinyama chote na kupima, utakikuta, kama unavyomkuta nzi kwenye kidonda. Nzi hakushika kisu.

Herpesi aina ya 2 ndiyo iliyoshukiwa kabla ya HPV. Mwaka 2002 tafiti mbili zilipishana: moja, iliyokusanya takwimu za nchi kadhaa, iliona hatari zaidi kwa wenye HPV na herpesi pamoja, nyingine, ya nchi za Nordiki kaskazini mwa Ulaya, haikuona kitu. Mimi naegemea ya pili, maana damu yake ilichukuliwa kabla saratani haijaanza. Ila wanawake wa huko, ambako VVU ni nadra, si wa Luweero. Na herpesi na HPV hupita njia moja ya kitandani, hivyo kuzikuta pamoja hakushangazi. Kesi hiyo sijaifunga.

Ya VVU imekwisha. Mwanamke anayeishi navyo ana hatari takriban mara sita, kwa kuwa kinga iliyodhoofika huiacha HPV ikae. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka aanze kuchunguzwa akiwa na miaka 25, si 30, na chanjo ya HPV apate angalau dozi mbili hata pale wengine wanapotosheka na moja. Uganda inachanja wasichana nchi nzima tangu 2015, lakini mama zao hawakuipata. Kwao kuna uchunguzi, na shilingi ya kipimo cha herpesi ingefanya kazi zaidi ikilipia siki hiyo palepale wanapochukulia ARV.

Alhamisi nilimsindikiza wifi kituo cha serikali. Taa, siki, dakika chache za kusubiri kama patabadilika kuwa peupe. Hapakubadilika. Karatasi ya Kampala ilibaki mkobani, sista hakuiulizia.