Bunduki ya Dukani na Bunduki ya Njia ya Panya

Kila risasi zikilia Kisauni au Likoni, hapa Mombasa, wito huwa mmoja: sheria ya kuuza silaha ikazwe. Lakini dawa hufuata ugonjwa, na kwanza tujue bunduki ilipitia tundu gani.

Wanaotaka sheria kali hutaja Mexico, na mfano wao una nguvu. Huko maduka halali ya silaha yanaendeshwa na jeshi, na unayahesabu kwa vidole. Hata hivyo, kati ya bunduki zinazokamatwa na kupelekwa Marekani kufuatiliwa nambari, karibu 7 katika kila 10 huwa zilianzia Marekani kwenyewe. Huko Marekani, mtu mwenye rekodi safi hutumwa dukani, hujaza fomu kwamba ananunua yake, kisha humkabidhi aliyemtuma. Mpaka mwaka 2022 watu hao walishtakiwa zaidi kwa uongo wa kwenye fomu. Ndipo kununua kwa niaba kukawa kosa la shirikisho linalojitegemea, kifungo hadi miaka 15. Pale tundu liko kwenye kaunta, basi zibeni kaunta.

Hapa kwetu Kenya kaunta ni nyembamba tayari. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humtaka mwombaji airidhishe Bodi ya leseni za silaha kwamba ana sababu nzuri, na anayekutwa na bunduki za kivita kama AK-47 au G3 bila idhini anaweza kufungwa maisha. Jambazi hapangi foleni ya leseni. Agosti 1997 bunduki zaidi ya 40 ziliporwa Likoni, tena kwa polisi wenyewe. Sheria gani ya mauzo ingezizuia?

Hapo wanaopinga sheria kali wana haki, ila wanaishia njiani. Bunduki hudumu miongo. Risasi ikishalia imekwisha, lazima itafutwe nyingine. Uchunguzi uliochapishwa 2008 ulikuta risasi nyingi za wafugaji wa Turkana Kaskazini zimegongwa herufi KOFC kitakoni, alama ya kiwanda cha risasi cha serikali kilichoko Eldoret. Njia ya panya ilianzia ghalani mwa serikali. Tena alama hiyo hukutajia kiwanda tu, haikwambii ni kituo kipi kilipewa boksi lile, kwa hiyo mpelelezi hukwama hapo hapo.

Bunduki yenyewe ina siri zaidi. Nambari ikisuguliwa kwa tupa, wengi hudhani imepotea. Kumbe chuma kilichokuwa chini ya nambari kilibanwa ilipogongwa, na asidi ya maabara huweza kuirudisha. Shida huja baadaye: nambari imesomeka, daftari la kuilinganisha nayo halipo, au lipo kwa karatasi katika ofisi nyingine. Itifaki ya Nairobi ya 2004, mkataba wa kudhibiti silaha ndogo, ilishazitaka nchi zetu zigonge alama na kutunza kumbukumbu.

Nikilazimika kuchagua pa kuanzia, basi ni kwenye ghala: kila boksi la risasi liandikwe kituo lililokabidhiwa, na askari aliyetoka na risasi 30 asubuhi arudi nazo jioni, au na maelezo ya kila iliyopungua.