Gari Inamisi, Mji Mzima Fundi

Hapa Dar ukitaka kujua watu wanakujali kiasi gani, gari yako ianze kumisi, yaani injini ishtuke-shtuke ukikanyaga mafuta. Hata yule unayemdai na amekukwepa tangu Ramadhani atakuja, atainama kwenye boneti na kusema, "Hebu kanyaga tena nisikilize."

Yangu ilianza jioni moja natoka Ubungo napandisha Kimara. Kwenye tambarare ilitulia kama bibi harusi. Nimefika kwenye kilima, nakanyaga mafuta nilipite bajaji lililobeba friji, gari ikanijibu kwi! kwi! kwi! Shingo mbele, shingo nyuma, kama kuku anayevuka barabara. Mke wangu alikuwa na ndoo ya samaki wa Feri mapajani. Kila kwi, maji ya samaki yanamrukia.

"Baba, unanifanyia makusudi?"

Bajaji na friji lake wakatuacha. Mwendokasi likapita kwenye njia yake, watu wamebanana mpaka mashavu yamegandia vioo, nao wanatuangalia kwa huruma. Mtu amesimama kwa mguu mmoja tangu Kivukoni, ananionea huruma mimi niliyekaa!

Kesho yake majibu yakaanza kumiminika. Kijana wa sheli akasema mafuta machafu, hukujaza kwetu. Mzee wa nyumba ya pili akasema gia boksi, kwa sababu yake ndiyo iliyomfilisi. Konda wa daladala, bila hata kuulizwa, akapiga kelele dirishani: "Maunti hiyo, mzee, vishikio vya injini!" Shemeji yangu hajawahi kumiliki hata baiskeli, lakini alifumba macho, akasikiliza, akatoa hukumu: pampu.

Kwa bahati mbaya fundi wangu wa chini ya mwembe kule Tabata naye akasema pampu. Aliendesha mita mia, akazima, akafuta mikono kwa tambara lililomwacha mweusi zaidi ya mwanzo. "Mafuta hayafiki, bosi." Pampu 120,000, ufundi 30,000. Akang'oa kiti cha nyuma, maana pampu iko chini yake, ndani ya tangi. Tukakuta sarafu tatu, biskuti iliyogeuka jiwe, na kijiko kilicholeta ugomvi nyumbani mwaka jana nikiapa kwamba sijakibeba mimi. Kijiko nikakificha mfukoni. Pampu ikafungwa.

Kwi! kwi! kwi!

Tukaja kwenye filta ya hewa. Halafu akapuliza dawa kwenye sensa ya hewa, kisha oili ya gia boksi, 90,000 nyingine. Sisemi alikuwa mwizi. Alikuwa anabahatisha, ila kwa hela yangu.

Sasa nitubu jambo. Muda wote huo taa ya injini ilikuwa imewaka kwenye dashibodi. Mimi niliibandika selotepu nyeusi, maana usiku ilinikera machoni.

Aliyeibandua ni kijana mmoja, fundi umeme pale Ilala, nilikotumwa na mtu aliyenihurumia kikweli. Kanitazama kama daktari anayemtazama mgonjwa aliyeficha kidonda. "Mzee, hii taa ukikanyaga huwa inapepesa?" Ningejuaje, ilikuwa gizani. Akaniambia ikipepesa usicheze nayo: petroli haiungui kwenye injini, inakwenda kuungulia kwenye bomba la moshi, na masega ya kusafisha moshi yaliyomo humo yakiyeyuka utauza mpaka kochi.

Akachomeka kidude chini ya usukani. Kikaandika P0302. Silinda namba mbili haichomi. Nikatoa waleti ninunue haraka koili, ile inayoipa plagi umeme wa cheche, akanishika mkono: "Subiri kwanza." Akachukua spana namba kumi, ile ambayo katika kila gereji hupotea kwanza, akafungua koili ya silinda ya pili akaihamishia ya tatu, na ya tatu akaileta ya pili. Akafuta ule ujumbe. Kazi ya dakika kumi, gharama sifuri.

Ikabidi tutafute kilima, na pale mjini kilima ni flaiova ya Tazara. Tumeanza kupandisha, kwi! kwi! Maisha yangu yote sikuwahi kuifurahia ile sauti, siku hiyo kijana alicheka kama kasikia goli. Akachomeka kidude tena: P0303. Ugonjwa umehama na koili yake.

Nikamuuliza mbona kwenye tambarare inakaa kimya. Akasema ukikanyaga, silinda inajaa hewa na mafuta mengi, mgandamizo unapanda, na cheche inahitaji umeme wa nguvu zaidi ili iruke. Koili mbovu inauweza mzigo mdogo tu. Nikaelewa kabisa. Ndivyo nilivyo mimi na mshahara: tarehe tano nina cheche, tarehe ishirini nikipandishiwa mzigo wa ada nashtuka-shtuka.

Akachomoa na plagi. Ncha imelika kama kisigino cha kandambili. Tukaweka plagi mpya zote nne, pamoja na koili moja mpya. Koili 45,000, yeye mwenyewe akataka 15,000. Nimerudi Kimara napandisha kama nimetumwa na ikulu. Mke wangu kaniuliza lililokuwa tatizo ni nini, nikamwambia "umeme". Jumla sikuitaja. Kijiko nilikirudisha kwenye kabati usiku.

Juzi Jumapili akaja yule mzee wa gia boksi. Gari yake na yangu ni pacha, tofauti rangi. "Jirani, nikikanyaga inashtuka."

Nikainama kwenye boneti. Nikafumba macho. Nikamwambia akanyage tena nisikilize. Chumbani chini ya kitanda, ndani ya boksi la viatu, ipo pampu yangu ya zamani, nzima kabisa. Nikafuta mikono kwenye suruali, ingawa sikuwa nimegusa kitu.

"Hiyo pampu hiyo, mzee wangu. Na bahati yako ninayo moja. Nakufanyia themanini."