Tusitundike "mezani" na "jana" kwenye tawi moja

Tazama sentensi hii ya kawaida: Mama aliweka sufuria mezani jana. Mwanafunzi wa kidato cha tatu, awe Kisumu, Kakamega au Nakuru, akiambiwa aichanganue kwa mchoro wa matawi, ataigawa S (sentensi) kuwa KN (kikundi nomino) na KT (kikundi tenzi). Kisha kutoka KT atateremsha matawi manne yaliyolingana: T (kitenzi) ya aliweka, N (nomino) ya sufuria, E (kielezi) ya mezani, E ya jana. Atapata alama zote. Mimi nasema mchoro huo umeficha jambo ambalo mwanafunzi alistahili kuliona kabla ya mengine yote.

Ondoa jana. Mama aliweka sufuria mezani. Sentensi imesimama. Sasa rudisha jana uondoe mezani: Mama aliweka sufuria jana. Msikilizaji anabaki akikungoja umalize. Aliiweka wapi? Kitenzi weka kinadai mwekaji, kitu na mahali. Siku hakiidai, ingawa kinaikubali ikija. Ndiyo tofauti ya kijalizo na chagizo. Kijalizo kimeitwa na kitenzi chenyewe. Chagizo kimeletwa na msemaji ili aongeze habari.

Wanaisimu wameshughulika na jambo hili muda mrefu. Mfaransa Lucien Tesnière, katika kitabu kilichotoka 1959, miaka mitano baada ya kifo chake, alifananisha sentensi na mchezo wa kuigiza: kuna wahusika, na kuna mazingira ya tukio. Kila kitenzi, kwake, kina idadi yake ya wahusika. Mwaka 1965 Noam Chomsky alieleza jinsi kitenzi kinavyohifadhiwa akilini pamoja na taarifa ya aina ya virai, yaani mafungu ya maneno, kinavyovitaka. Ray Jackendoff akaja 1977 na mpango kamili wa matawi, ambamo kijalizo kinakaa ubavuni mwa neno kuu na chagizo kinaunganishwa ngazi ya juu zaidi. Ngazi hiyo moja ndiyo inayokosekana kwenye ubao wetu.

Shida inaanzia kwenye aina za maneno. Tumezoea kusema kwamba neno likiwa kielezi, basi kazi yake ni chagizo. Tukisahihisha mtihani wa majaribio, mwenzangu aliniambia, "Mwalimu, mezani ni kielezi cha mahali, kwa hiyo ni chagizo. Mpe alama yake tuendelee." Namheshimu, na kwa mujibu wa mwongozo wa kusahihisha alikuwa sahihi. Lakini tazama upande wa pili. Katika Mama alimkatia mtoto nyama kwa kisu, tunafundisha kwamba nyama ni shamirisho kipozi (kinachotendwa), mtoto ni shamirisho kitondo (anayetendewa), na kisu ni shamirisho ala (kinachotumiwa). Ondoa kwa kisu uone. Mama alimkatia mtoto nyama. Hakuna kilichopungua. Kwa hiyo kile ambacho kitenzi hakikukiuliza tumekiweka pamoja na shamirisho, na kile ambacho weka hakiwezi kuishi bila hicho tumekitupa kwenye chagizo. Hapo hatufuati muundo, tunafuata mazoea.

Kuondoa neno peke yake hakutoshi kama kipimo, na hili lazima lisemwe wazi. Watoto wamekula ni sentensi kamili, ila ugali katika Watoto wamekula ugali bado ni kijalizo: unaingia kwenye kitenzi kama kiambishi (wameula), na unaweza kuwa kiima (ugali umeliwa). Tena kuna vitenzi vinavyobadilika maana kijalizo kikitoka. Anakaa Nakuru ni habari ya makazi. "Anakaa" tu, bila neno jingine, itafahamika kuwa mtu ameketi. Mama ameweka pesa inasimama vizuri bila mahali, lakini hiyo ni weka ya akiba, na madai yake ni mengine.

Kipimo ninachokipenda ni cha maneno "kufanya hivyo". Mama alinunua samaki Kibuye, na shangazi akafanya hivyo Ahero. Kila mtu anaelewa: shangazi alinunua samaki, ila kwenye soko jingine. Neno "hivyo" limebeba kununua samaki na kuiacha Kibuye nje, maana Kibuye ni chagizo. Jaribu sasa: Mama aliweka sufuria mezani, na shangazi akafanya hivyo jikoni. Ukimwuliza mtu sufuria ya shangazi iko wapi, atakwambia iko mezani, jikoni. Neno "hivyo" limeimeza mezani pamoja na kitenzi, na halikubali kuiachia. Kipimo hikihiki kinaamua kesi ya enda, ambayo huleta ubishi kwa sababu Ameenda inatosha yenyewe. Jaribu kusema Juma alienda Kisumu na kaka yake akafanya hivyo Busia. Haisemeki. Kisumu hapo ni kijalizo.

Lakini hazina kubwa ya Kiswahili ni kauli ya kutendea, na nashangaa tunaifundisha kama zoezi la mnyambuliko tu. Kiambishi -i- au -e- kinakipa kitenzi mahitaji mapya. Mama anasonga ugali kwa mwiko: mwiko ni chagizo, uondoe upendavyo. Sasa sema Mwiko huu ndio anaosongea ugali. Neno "kwa" limetoweka, na mwiko umerejelewa ndani ya kitenzi bila usaidizi. Ukiing'oa -e- useme anaosonga ugali, itabidi uongeze "nao" ili sentensi ikae sawa. Ndiyo maana tunasema mwiko wa kusongea, kisu cha kukatia, kalamu ya kuandikia. Yaani kiambishi kimoja kimechukua kilichokuwa chagizo kikakifanya kijalizo, mbele ya macho ya mwanafunzi. Wanafunzi wanaotoka Bungoma hulielewa hili haraka wakilinganisha na Lubukusu, ambayo nayo ina kiambishi cha namna hiyo.

Kwenye nomino mambo ni magumu kidogo. Mwalimu wa Kiswahili wa Kakamega inasikika vizuri, mwalimu wa Kakamega wa Kiswahili inakwaruza. Somo linataka kukaa karibu na nomino kuliko mahali. Hata hivyo tunasema mwalimu wangu wa Kiswahili na mwalimu mzuri wa Kiswahili, kwa hiyo mpangilio usichukuliwe kama sheria. Penye wazi zaidi ni vishazi. Katika habari kwamba Mto Nyando umefurika, kishazi ndicho habari yenyewe. Katika habari ambazo zilienea Ahero, kishazi kinatambulisha tu ni habari zipi, na habari zenyewe hazijatajwa.

Matumizi ya lugha hubeba alama 40 kati ya 80 katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, kwa hiyo simwambii mwalimu yeyote aache mchoro unaotarajiwa na msahihishaji. Nataka tuchore na wa pili kando yake. KT ya juu igawanyike mara mbili: KT ndogo, na E ya jana. Kisha KT ndogo ndiyo itoe T, N na E: aliweka, sufuria, mezani. Ni mstari mmoja wa ziada. Baada ya hapo "kufanya hivyo" inajieleza yenyewe, kwa sababu mwanafunzi anaweza kugusa kwa chaki ile KT ndogo ambayo "hivyo" inasimama mahali pake.